Mtoto wa Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mimi majina hayanipotei. Niulize waliokuwa wakichota maji pamoja nami kabla hatujahamishiwa kijiji kipya, nitakutajia kaya kwa kaya, mpaka mbwa wao. Kwenye misiba ya ukoo ndimi ninayeulizwa nani alizaliwa na nani. Nyuso ndizo zinazonikimbia. Jina linabaki limekaa kama kigoda, mwenyewe hayupo.

Hata hivyo humu sitaandika jina hata moja. Baba mkwe wangu sikumtaja tangu siku niliyoolewa, maana kwetu mkwe hatajwi, na sitaanza leo kwa sababu tu yuko kaburini. Wengine nikiwaandika, ndugu zao watauliza mbona wao wameachwa. Na liko jina moja lenye wenyewe wawili. Nikiliandika hutajua ninamwita nani. Mimi mwenyewe kuna siku sijui.

Habari yenyewe ni ya kitabu cha watoto. Waliosoma shule miaka ile wanakijua: mtoto anapotelewa na mbuzi mweupe, anamtafuta kutwa nzima, anamuuliza kila anayekutana naye, jioni anarudi kwao akilia, anamkuta mbuzi amelala mlangoni. Basi, ni hayo tu. Lakini watu wazima wenye vyeo vyao bado wanaweza kukutajia maneno yake kwa kichwa, ukurasa kwa ukurasa.

Mbuzi yule alikuwa wa baba mkwe wangu. Hilo hawalijui. Mchoraji alikuja kijijini kwetu kiangazi, kwa gari la serikali, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tano mfuko wa shati. Kijiji chetu kilikuwa ndani, mbali na barabara ya Kibaigwa, na wageni hawakuwa wengi. Akamchora mbuzi jike mweupe mwenye pembe moja iliyovunjika nusu. Baba mkwe akasema mchore na ile nusu nyingine basi, usitutie aibu. Mchoraji akasema, "Mzee, mimi nachora nilichokiona."

Kisha akateremka korongoni. Kiangazi maji tulikuwa tukiyafukua kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa mikono, unasubiri, yanajikusanya kidogo kidogo, unakomba kwa kata. Watoto wote walimkimbia isipokuwa binti yangu wa kwanza, wa miaka saba. Alisimama na kibuyu kiunoni, mguu wa kushoto ameupandisha juu ya wa kulia, kwa sababu mchanga ulikuwa unaunguza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mchoraji. Nikamwambia, "We mtoto, shusha mguu, unachorwa!" Hakuushusha. Akanitazama mimi, siyo mchoraji, mdomo unataka kucheka na yeye anaukatalia.

Masika yaliyofuata surua ilipita kijijini. Sitaieleza. Picha ya kamera hatukuwa nayo hata moja, nani angekuwa nayo? Tulimzika, tukanyoa, watu wakatawanyika.

Kitabu kilifika shuleni mwaka mmoja baadaye. Mwalimu mkuu akatuma mtu aniite. Nilidhani mwanangu wa kiume amepigana. Mwalimu akafungua ukurasa wa kumi na mbili akanigeuzia. Alikuwa pale. Kibuyu kiunoni, mguu juu ya mguu, ananitazama. Nikarudi nyuma hatua moja, nikagonga ubao.

Alinipa nakala moja. Mama mkwe akakubali kilale ndani ya nyumba kwa sharti kwamba kisiachwe wazi. "Mtu akishazikwa," alisema, "usimwachie mlango." Kwa hiyo nilikuwa nakifungua mchana tu, nje, mwanangu akiwa shuleni, nakifunga kabla ya kuingia. Darasa la watu wazima lilipoanza nilijifunzia kusoma kwenye kitabu hicho. Nilisoma polepole mno, maana kila nikifika ukurasa wa kumi na mbili nilikuwa nasimama.

Mchwa walikila. Unaijua Dodoma. Nilikuwa nimekiweka chini kabisa kwenye sanduku la mbao, chini ya kitenge cha harusi, nikaenda kuvuna uwele shamba la mbali. Niliporudi sanduku lilikuwa zuri nje. Ndani palikuwa na udongo na jalada moja.

*

Miaka ikapita. Mume wangu akafariki, mwanangu akapata kazi ya udereva mjini akanichukua, tukakaa Makole. Ulikuwa ule wakati wa ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na hewa yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, kila mtu akawa anauza kitu. Mimi nikauza karanga za kukaanga karibu na maofisi. Wabunge wakiwa mjini sikuwa napata hata nafasi ya kukaa.

Mwanangu alizaa binti, na ukoo ukasema apewe jina la shangazi yake, lisipotee. Nilifurahi. Nililia pia, lakini nilifurahi. Tangu hapo nikawa naliita jina lile tena uani, asubuhi na jioni, na mtoto akawa anaitika.

Alipokuwa darasa la pili akarudi shuleni anaruka.

"Bibi, tumepewa vitabu vipya! Vinang'aa!"

Nikaona mbuzi mweupe kwenye jalada. Niliacha karai motoni nikakaa chini. "Lete hapa, mwanangu. Nikuonyeshe mtu."

Kilikuwa kitabu kile kile, maneno yale yale. Lakini mbuzi alikuwa na pembe mbili nzima. Majani yalikuwa ya kijani mahali pote, majani ambayo ng'ombe wa kwetu hawajawahi kuyaota. Mtoto wa hadithi alikuwa na viatu na utepe kichwani. Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili. Hapakuwa na korongo. Palikuwa na bomba la maji, linamwaga kwenye ndoo nyekundu, na hakuna mtu.

"Nani sasa?" mjukuu akauliza.

"Alikuwa hapa."

"Bibi, hapa pana bomba tu."

"Najua ni bomba! Kabla ya bomba alikuwa hapa shangazi yako, yule wa jina lako."

Karanga zikaungua. Mwanangu aliporudi akaikuta harufu, kisha akayakuta maneno. Akavua viatu taratibu.

"Mama, mimi nimesoma kitabu hicho. Ukurasa ule una shimo la maji na kisiki."

"Kisiki?"

"Kisiki cheusi pembeni ya shimo. Sote tulikiona. Mama, umekaa na jambo hili muda mrefu. Labda mchoraji alimchora, lakini hawakumtia kitabuni."

"Mwalimu mkuu alinionyesha kwa mkono wake."

"Mwalimu mkuu amekufa, mama."

Hakuwa na ubaya. Lakini usiku ule na usiku wa siku nyingi baada yake nilijaribu kumwona binti yangu pale korongoni, na kila nilipofika usoni nilikuta kitu kizuri, laini, kimekaa sawasawa, na sikukiamini. Nikaogopa. Kama kitabu hakikuwa naye, basi huyu ninayemwona nimemtengeneza mwenyewe. Na kama alikuwemo, ningepaswa kumwona mara moja tu, nijue kama ninayemlilia ndiye.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na makaratasi, nyumba yake huwezi kukaa bila kuhamisha kitu. Nikamwendea.

"Shikamoo mwalimu."

"Mama, wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo irudi kwako."

"Marahaba basi. Mimi nakusalimia miwani."

Akacheka. Nilipomweleza hakucheka. Alitafuta siku mbili, akaniletea kitabu chenye jalada la bluu. Hiki, alisema, ni chapa ya pili, ya miaka ya shida, karatasi mbaya na wino mbaya, na ndicho alichosomea mwanangu alipofika darasa la kitabu hicho. Tukafungua pamoja juu ya ungo wangu wa karanga. Mbuzi alikuwa na pembe yake iliyovunjika, nikapumua. Ukurasa wa kumi na mbili lilikuwepo korongo letu, lilikuwepo shimo la mchanga, na pembeni yake doa jeusi refu. Wino ulikuwa umevuja ukazama. Kweli, ungesema kisiki.

Lakini chini ya doa kulikuwa na miguu. Mguu mmoja juu ya mwingine.

Nilimwita mwanangu. Alitazama akiwa amesimama, kisha akachuchumaa, kisha akakaa chini kabisa na suruali yake ya kazi. "Mwaka mzima," akasema. "Tulikuwa tunapigana nani amalizie kumpaka rangi kisiki."

Alikuwepo, basi. Ila uso ulikuwa shimo. Nilikaa na kitabu cha bluu wiki nyingi na ilikuwa vibaya kuliko mwanzo, maana sasa nilipofumba macho alikuja na lile doa, amesimama na kibuyu chake, kichwa cheusi kimenielekea.

"Ni chapa ya kwanza unayoitaka," mwalimu aliniambia. "Lakini mama, shule zimeletewa vitabu vipya, vya zamani wanavitoa stoo. Wanaviuza kwa kilo."

"Kwa kilo kwa nani?"

"Kwa wauza duka. Vya kufungia vitu."

Nilisikia, nikaona ni habari ya watu wengine. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo.

*

Karatasi za karanga nilikuwa nanunua duka la kona, zimefungwa kwa kamba ya katani. Daftari zilizojaa, fomu za ofisi, vitabu visivyo na jalada. Kazi yenyewe huifanyi kwa macho. Macho yako kwenye karai, kwa sababu karanga ukizigeukia kisogo zinakusaliti. Mkono mmoja unakoroga, mwingine unachana ukurasa, unauzungusha kwenye kidole gumba, unakunja ncha, unauchomeka kwenye ungo. Na mimi kusoma kwangu ni kazi ya peke yake, ya kukaa na kutulia. Sikuwahi kusoma karatasi ya karanga kama vile mchinjaji hamuulizi ng'ombe jina.

Siku moja karanga zilikuwa chache, nikakunja karatasi sita tu. Nikauza, nikarudi. Mchana, nikiwa naweka sawa bunda kwa ajili ya kesho, kidole kikageuza ukurasa wa juu. Nyuma yake nikaona mbuzi amesimama juu ya jiwe. Pembe yake moja ilikuwa nusu.

Nilihesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukurasa uliobaki juu ulikuwa wa kumi na tatu.

Nilikuwa nimeanza kitabu kile asubuhi ile ile. Majani sita. Jani la sita, upande mmoja kumi na moja, upande wa pili kumi na mbili. Nilikuwa nimemkunja binti yangu kwa mkono wa kushoto, nikammiminia karanga za moto na chumvi, nikamuuza.

Hapo majina yakanifaa. Wanunuzi sita nilikuwa nao wote kichwani. Nikatoka na kanga moja. Wapiga chapa wawili wa ofisini walikuwa wametupa kwenye pipa, wakanisaidia kulipekua, karatasi zao zilikuwa za mwanzo wa hadithi. Mlinzi alikuwa ameiweka yake mfukoni, ukurasa wa tatu. Mama wa mgahawa alikuwa amewashia jiko, lakini aliapa ilikuwa na mbuzi na mzee mwenye fimbo, huo ni wa tisa. Mwanafunzi mmoja aliichana mbele yangu kabla sijasema, nikaunganisha vipande, maneno matupu. Akabaki wa sita, dalali wa mahindi, mtu mnene mwenye koti hata jua likiwa kichwani. Alikuwa amekwisha kupanda gari kurudi Kibaigwa.

Kesho yake nikapanda lori lililokuwa linakwenda kupakia mahindi. Mwanangu alinitafutia nafasi mbele kwa dereva na hakunibishia.

Sokoni Kibaigwa vumbi la mahindi lilikuwa limesimama hewani kama moshi. Nikamkuta kwenye mizani, anagombana na mkulima. Aliponiona akafungua mikono.

"Bibi! Umenifuata na karanga mpaka huku? Sasa hayo ndiyo mapenzi!"

"Sijaja kuuza. Karatasi ya jana iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Niliyokufungia karanga."

Akawageukia wenzake. "Jamani, bibi anadai chombo chake!"

"Mrudishie na chumvi uliyolamba!" mmoja akapiga kelele juu ya magunia. Wakacheka wote, hata mkulima aliyekuwa anaibiwa kwenye mizani.

Nikasema, "Ilikuwa na picha ya mwanangu. Ameshakufa. Hakuna nyingine."

Kicheko kikaisha. Dalali akatia mikono mifuko yote ya koti, akatoa maganda ya karanga, akatoa kamba, akatoa kitambaa. Akaviweka vyote juu ya gunia mbele yangu, kama anayepekuliwa.

"Nilikuwa naitazama garini," alisema, sauti nyingine kabisa. "Mtoto na kibuyu, sivyo? Nikasema, aa, kile kitabu chetu cha shule. Kisha upepo ukaichukua dirishani. Mama yangu, ingekuwa najua."

"Uso wake ulikuwaje?"

Alifikiri. Ninamheshimu kwa kufikiri. "Mtoto tu, mama. Kama watoto."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anataka kucheka. Kama mtu aliyeambiwa asicheke."

Ndiye. Mtu wa mwisho kumwona mwanangu alikuwa dalali wa mahindi, na alimwona vizuri kuliko mimi.

Akanipa mahindi ya kuchoma, nikayabeba mpaka mjini bila kuyala. Njia nzima nilitazama nje. Miaka ile ndiyo mifuko ya nailoni ilikuwa imeanza kujaa, na kila mti wa miiba kando ya barabara ulikuwa umeshika kitu cheupe kinachopepea. Mara tatu nilimgusa dereva mkono. Mara ya tatu alisimamisha bila kuniuliza, akashuka mwenyewe, akaenda hadi kwenye mwiba, akarudi akitikisa kichwa.

*

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni. Majani yaliyobaki alikuwa ameyatoa kwenye bunda, kumi na tatu hadi mwisho, akayachomeka ndani ya kitabu cha bluu yasije yakakunjwa.

"Bibi, huku kuna mtu."

"Acha, mwanangu. Nimechoka."

"Kuna mtu, bibi. Nyuma ya maneno."

Akaniwekea ukurasa wa kumi na tatu magotini, akaugeuza kwenye mwanga. Bunda lile lilikuwa limetoka stoo iliyovuja, muuza duka alikuwa amenipunguzia bei kwa sababu hiyo. Vitabu vilikuwa vimelowa vikakauka vimebanana miaka na miaka, na ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa umelalia huu wa kumi na tatu muda wote huo. Ulikuwa umeuachia kivuli. Rangi ya chai nyepesi, katikati ya mistari ya maneno. Kibuyu, kiuno, miguu.

"Lakini umesema alipandisha mguu wa kushoto," mtoto akasema. "Huyu kapandisha wa kulia."

Mwanangu ndiye aliyeelewa. Aliingia ndani akatoka na kioo chake cha kunyolea. "Amegeuka, mama. Tumtazame humu."

Tulikaa kizingitini, jua la alasiri likiwa mgongoni kwetu. Mwanangu akashika ukurasa, mjukuu akashika kioo, akakitikisa, akakituliza. Maneno yakawa hayasomeki. Yeye akawa sawa. Mguu wa kushoto juu ya wa kulia. Nikapanda na macho polepole, kibuyu, mkono, shingo, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumba ambayo hajui kama ina sakafu juu.

Uso ulikuwepo. Hafifu, lakini wote.

Sikuufahamu.

Ulikuwa mwembamba. Paji la uso lilikuwa kubwa, la baba mkwe wangu, lile lile la mtu nisiyemtaja. Macho yalikuwa yameachana kidogo na jino moja la mbele halikuwepo, nami nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kiangazi kile alikuwa amepoteza jino, kwamba ndiyo sababu alikuwa anaukatalia mdomo kucheka. Alikuwa ananitazama mimi. Nikageuza macho, nikakutana pembeni ya kioo na uso mwingine, wa mviringo, laini, umekaa sawasawa. Ule ndio niliokuwa naulilia usiku. Ulikuwa wa mjukuu wangu. Miaka minane nilikuwa nimeita jina moja na kidogo kidogo nikamvua mwenyewe wa kwanza uso wake, nikamvika wa huyu, kwa kuwa huyu ndiye aliyekuwa karibu.

"Bibi, anafanana na mimi?" mtoto akauliza.

"Hapana, mwanangu. Hamfanani hata kidogo."

Mwanangu alikuwa analia kimya, ameshika ukurasa kwa ncha za vidole. Alisema, "Dada." Hakuwahi kumwita hivyo mbele yangu. Mjukuu akasema twende tukachukue kalamu tumkoleze, asije akafutika. Nikakataa. Mkono wetu ungemkosea. Akifutika na afutike akiwa yeye.

Jua lilikuwa linashuka na kivuli kilikuwa kinazidi kuwa cha rangi ya chai. Nilijua ninalopaswa kufanya kabla ya kufunga kitabu, sharti la mama mkwe nilikuwa nalishika bado. Nikainama karibu na kioo, nikaliita jina lake. Nililiita kama nilivyokuwa nikiliita kutoka ukingo wa korongo, kwa sauti ya kuvuka mchanga.

"Abee, bibi," akaitika mjukuu wangu, palepale begani.

Nikamwambia anyamaze kidogo. Nikasubiri.